Kwa Nini Nahodha Alikubali

Ijumaa, tarehe 9 Mei. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu mepesi, yale yasiyolowesha nguo bali huziacha na ubaridi, na wingu lilikuwa limeshuka karibu liguse paa la hospitali. Niliamkia kwenye kiti, kando ya kitanda cha mume wangu. Nilisali kabla ya kufumbua macho, kwa sababu niliogopa kuyafumbua.

Yeye alikuwa macho tayari. "Mwanafunzi," aliniita, "siku yenyewe imefika."

Ananiita Mwanafunzi tangu nilipoanza masomo ya jioni, nikiwa bibi mwenye wajukuu. Mimi namwita Fundi, kama mtaa mzima unavyomwita, maana kazi yake ni kutengeneza redio na televisheni. Nilidhani anazungumzia upasuaji. Kumbe anazungumzia filamu.

Fundi alikuwa na uvimbe kichwani, upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio. Daktari bingwa alikuja hospitalini kwetu kwa wiki hiyo moja tu, Ijumaa ikiwa siku yake ya mwisho, na alikuwa amekubali kumpasua. Alitueleza bila kuficha: uvimbe ukiachwa, utamuua. Ukitolewa, anaweza kupona kabisa, lakini anaweza pia kuamka hana maneno. "Mahali ulipokaa," alisema, "ndipo maneno yanapokaa." Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hasaini.

Tulimbembeleza, mimi na dada yake. Wenzangu wa kikundi cha maombi walikuja wakamwombea, naye akaitikia amina kwa adabu zote, akakataa vilevile.

"Nusu kaputi," alisema. "Hata jina lenyewe linakwambia. Nusu wanachukua wao, nusu wanakurudishia. Na hiyo nusu ya kurudishiwa, mimi wameshaniambia ni bubu."

Alicheka. Mimi sikuweza.

Sasa, hiyo filamu. Zamani, tulipokuwa wachumba, Fundi aliona filamu iitwayo Chombo Kisichorudi. Inahusu chombo cha angani kinachobeba watu kwenda kwenye nyota ya mbali. Wote wamelazwa kwenye vitanda vya kioo, ila mtu mmoja, Nahodha, ambaye lazima abaki macho. Anazeeka humo peke yake, hana wa kuzungumza naye. Filamu inakwisha bila kusema kwa nini alikubali kupanda. Jambo hilo lilimkaa Fundi rohoni. Kila televisheni aliyoitengeneza aliijaribu kwa filamu hiyo, na wateja walilazimika kusikiliza hoja zake kabla ya kupewa mali yao. Baadaye ikatangazwa kwamba itakuja filamu nyingine, ya kueleza yaliyotokea kabla. Watu wakaiita "ile ya kabla". Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, watoto wetu wakaoa na kuolewa. Asubuhi hiyo ndipo ilipoonyeshwa mjini kwetu kwa mara ya kwanza.

"Kaiangalie," Fundi aliniambia. "Uniletee jibu. Mtu mwenye akili zake anaambiwa, ingia humu, na hutakuwa tena na wa kusema naye. Naye anasema, sawa. Kwa nini? Nikijua, nitasaini."

"Fundi, wale wanaigiza tu."

"Kwani mimi hapa naonekana kama nafanya nini? Naigiza mgonjwa." Halafu utani ukamtoka usoni. Alinishika mkono. "Nenda, mke wangu. Sina kingine cha kushikilia."

Zamu yake ya kupasuliwa ilikuwa mchana. Nilimwacha na dada yake, nikaondoka.

Kwenye jumba la sinema tiketi zilikuwa zimekwisha. Mlinzi alisimama mlangoni mikono kifuani.

"Kaka yangu," nilimwambia, "mume wangu anapasuliwa kichwa leo."

"Mama, leo kila mtu ana mgonjwa. Kuna mmoja hapa ameniambia anazikwa yeye mwenyewe saa kumi." Kisha akaniangalia vizuri, akaona kwamba silii kwa hila. Akashusha sauti. "Ndani hakuna hata pa kusimama. Lakini kaa pale kwenye mlango wa kutokea. Watu wakitoka sinema hata hawahitaji kuulizwa. Kazi ni kuwanyamazisha."

Nilikaa kwenye ngazi, nikaomba. Ee Mungu, sijawahi kukuomba jambo la ajabu kama hili. Wape watu hawa jibu moja, na jibu lenyewe liwe la kumfaa mume wangu. Nilirudia maneno hayo mpaka mlango ukafunguliwa.

Wa kwanza alikuwa kijana aliyevaa fulana yenye picha ya chombo. Alikuwa akiivuta kana kwamba anataka kuivua pale pale.

"Mwanangu, filamu ikoje?"

"Wametuharibia, mama! Miaka yote hii tumengoja, wanatuletea chombo kama friji!"

"Na Nahodha? Alikubali kwa nini?"

"Nahodha gani? Yule simjui mimi. Nahodha wangu hakuwa mtu wa kulialia."

Nyuma yake alikuja mwanamke wa nguo za ofisini, macho mekundu, akijipangusa kwa leso. "Nzuri mno, dada," aliniambia kabla sijauliza. "Usiikose. Alikubali kwa ajili ya mke wake."

Hilo lingemfaa Fundi. Lakini mumewe alikuwa nyuma yake.

"Kwa ajili ya mke wake? Mke ndiye aliyemfukuza! Wewe ulikuwa unatazama filamu gani?"

"Hakumfukuza! Alimwambia 'tangulia'. Maandishi ya Kiswahili si yalikuwa pale chini, huwezi kusoma? Tangulia, yaani nenda, nakuja nyuma yako. Ndiye yule aliyelala kwenye kitanda cha mwisho, yule asiyeonyeshwa uso!"

"Nimeyasoma vizuri sana. Tangulia, yaani ufe. Si ndivyo tunavyosema msibani, fulani ametangulia? Mama yule alijua chombo hakirudi. Alikuwa anamzika mume wake mzima mzima."

Watu walianza kutuzunguka. Mwanamume mnene mwenye mfuko wa bisi akaingia kati. "Mwenye kosa ni aliyetafsiri. Mimi nimemsikia yule mama kwa masikio yangu, amesema 'nenda' tu, basi."

"Wewe unajua lugha yao?"

"Kuliko unavyoijua ya kwako."

"Ah, mimi mke akiniambia tangulia," mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "namwambia tangulia wewe, ndiye unayejua njia!"

Wakaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuwa akifunga vifungo vya koti taratibu alisema kwamba Nahodha alikubali ili waache kumuuliza, na hao waliokuwa wamenuna nao wakacheka. Nilisimama katikati yao. Kwao ilikuwa asubuhi tamu ya kugombana. Mimi kila jibu nililipima: je, hili linatosha kumpeleka mtu kwenye kisu?

"Jamani," nilisema, "yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alisema nini?"

Yule kijana wa fulana ndiye aliyejibu, kwa upole safari hii. "Hakusema, mama. Alivua kofia, akaingia. Ndiyo maana tunapiga kelele hivi."

Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa wifi yangu, na nyuma yake kulikuwa na makelele ya magurudumu na milango.

"Wifi, uko wapi? Njoo upesi! Ndugu yangu ametangulia—"

Simu ikakatika. Nikapiga, haipatikani.

Sikumbuki nilivyoshuka zile ngazi. Nakumbuka kijana wa fulana akinishika kiwiko na kunipandisha kwenye basi, na kondakta akinitazama usoni asidai nauli. Nilikaa. Nilifungua mdomo nisali, kama ninavyofanya kila siku ya maisha yangu, nikakuta hakuna kitu. Sikupata hata "Ee Mungu". Mimi ninayeongoza maombi ya wenzangu, ninayeamka alfajiri kuwaombea hata nisiowajua, nilikuwa mtupu kama chungu kilichopasuka. Vituo vilipita. Sikulia, maana kulia nako kunahitaji mtu ajue pa kuanzia. Nilikaa tu mbele za Mungu, mdomo wazi. Na jambo moja nililijua humo ndani ya basi, nalisema kwa hofu: Yeye hakuondoka. Alikaa na mimi nisiyekuwa na la kumwambia.

Wodini, kitanda cha Fundi kilikuwa kitupu. Shuka zilikuwa zimeondolewa, godoro limebaki na plastiki yake. Nilishika chuma cha kitanda.

"Mama, unafanya nini hapa?" nesi aliniuliza. "Wenzako wako mlango wa upasuaji. Mgonjwa wa kwanza amepandwa na homa, kwa hiyo daktari amemsogeza wenu mbele."

Nilikimbia. Wifi yangu alikuwa mwisho wa korido, mikono kichwani.

"Wifi! Kwa nini uliniambia ametangulia?"

"Si ametangulia huku? Nilikuwa nakuambia ametangulia upasuaji, simu ikazima!"

"Mtu hasemi ametangulia hospitalini!"

"Ningesemaje? Ameendeshwa?" Kisha akaona hali yangu, akafunika mdomo. "Maskini, Mungu wangu. Nisamehe, wifi."

Fundi alikuwa kwenye machela, mbele ya milango miwili mikubwa. Walikuwa wamemnyoa nywele; alikuwa amekubali kuandaliwa, ila kusaini alisema ananingoja mimi. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonikata maini kuliko yote. Daktari alisimama kando yake amevaa kofia ya kazi, fomu mkononi.

"Mama," alisema, "namheshimu mzee, lakini nina mgonjwa mwingine anayengoja. Asiposaini sasa hivi, nitaingia na huyo, na jioni naondoka. Sijui nitarudi lini huku."

Fundi alikuwa ananiangalia mimi tu. "Umeiona?"

"Sikuiona. Tiketi zilikwisha. Nimewauliza waliotoka."

"Wanasemaje?"

"Wengine wanasema mbaya, wengine wanasema nzuri. Mmoja anasema chombo kinafanana na friji."

"Nilijua!" Akacheka. "Niliona picha zake, nikasema hii ni friji. Na Nahodha?"

Ningeweza kumpa jibu la yule mwanamke wa leso. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na mtu yeyote angenisamehe. Lakini sijui kumdanganya mtu kisha nimwombee.

"Hakusema, Fundi. Mkewe alimwambia neno moja, na watu wanagombana lilikuwa na maana gani. Yeye hakujibu kitu. Alivua kofia, akaingia."

"Hakuna jibu?"

"Hakuna."

Uso wake ulizimika. Aligeukia ukutani. "Basi nirudisheni wodini," alisema.

Nesi akamtazama daktari. Daktari akashusha pumzi, akatikisa kichwa, na magurudumu ya machela yakaanza kugeuka. Niliishika kwa mikono yote miwili.

"Ngojeni! Fundi, nigeukie. Unaogopa nini? Kufa?"

"Kufa nimeshakuzoea." Alinigeukia, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Naogopa niamke nawaona, nawasikia, na siwezi kuwajibu. Mwezi wa kwanza mtanisemesha. Wa pili mtakuja mnakaa. Baadaye mtakuwa mnaongea juu ya kichwa changu, kana kwamba mimi ni kabati. Nahodha angalau alikuwa peke yake kweli. Mimi nitakuwa peke yangu katikati yenu."

Wifi yangu alianza kulia kwa sauti. Nilimwinamia mume wangu mpaka pumzi yake ikanigusa.

"Leo kwenye basi nilidhani umekufa," nilimwambia. "Nikataka kusali, sikupata neno. Hata moja. Nilikuwa bubu mbele za Mungu, Fundi, na hakuniacha. Hakuchoka na mimi."

Alijifuta macho kwa kiganja. "Wewe si Mungu, Mwanafunzi."

"Najua. Ndiyo maana inabidi niahidi."

Daktari alimwekea fomu kifuani. Hakuangalia saa. Fundi alinyoosha mkono akaomba kalamu, akapewa, lakini hakuandika. Aliishika tu juu ya fomu.

"Basi sema," alinena. "Si kwa kuninong'oneza. Sema hawa wasikie."

Nilinyooka. Walikuwepo daktari, nesi, wifi yangu, na mtu wa kusukuma machela aliyekuwa amevua kofia bila kuambiwa. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, ikaenda mpaka mwisho wa korido.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu ninyi mnaonisikia: mume wangu akiamka hana maneno, nitazungumza naye. Nitazungumza naye asubuhi na jioni, nitamuuliza na nitangoja anijibu kwa jicho au kwa kidole, na sitaruhusu mtu aongee juu ya kichwa chake nyumbani kwangu. Akikaa hivyo mwaka, au maisha yake yote, sitamchoka. Naahidi."

Fundi alishusha kalamu, akasaini.