Ulimi wa Zuweina

Zuweina hakumtaka Msellem, na mimi Khairiya, somo wake niliyemfunda, nilijua. Alimwambia baba yake mara moja tu, akafokewa mpaka majirani wakasikia. Ikabaki nafasi moja: siku ya nikaha, Shehe akija mlangoni kumuuliza, aseme hapana mbele ya mashahidi.

"Utaweza?" nikamuuliza.

"Nitaweza, Bi Khairiya."

Basi asubuhi ya harusi jino likamshika! Na Msellem ndiye msimamizi wa kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na nyumba ya kina Zuweina hapo Madungu imejaa chupa zake. Kila akija husifu: Ulaya wanayageuza vanila ya keki, madaktari wa meno wanayagombania, yanakula hata bati, ndiyo maana hutiwa kwenye chupa. Yanakula bati! Na bado shangazi mtu, Bi Radhiya, akachovya pamba, akamsokomeza mwari mdomoni.

"Si karafuu hii? Imetulea sote. Itamdhuru nini?"

Karafuu ya shambani ni karafuu. Ile ya chupa imechemshwa ikabaki ukali mtupu. Jino lilitulia, sikatai. Kisha fizi zikawa nyeupe, midomo ikavimba, ulimi ukafa ganzi. Nilimpa maziwa asukutue, hasira zimenipanda.

Hodi! Shehe Mjaka na mashahidi wawili, baba mtu nyuma yao.

"Zuweina binti Mbaruk, umeridhia kuolewa na Msellem?"

Akafungua mdomo, yakatoka mate matupu. Shehe akauliza tena, na tena. Mtoto wa watu analia, neno halitoki.

"Mwanamwali akinyamaza ameridhia," baba yake akasema upesi. "Twende, watu wanangoja."

"Hajanyamaza!" nikapiga ukelele. "Ameungua! Mafuta ya bwana harusi yamemuunguza ulimi, njooni mtazame!"

Shehe akasogeza pazia, akautazama mdomo ule. Akaketi palepale mlangoni.

"Tutangoja ulimi urudi."

"Shehe, pilau inapoa."

"Na ipoe, Mbaruk."

Tukangoja hadi ikaadhiniwa alasiri. Shehe akauliza upya. Zuweina akanibana mkono, akasema kwa ulimi mzito:

"Thi… thiridhii."

"Hakuna aliyeelewa," akasema baba yake.

"Mimi nimeelewa," akasema Shehe, akainuka kutafuta viatu vyake.