Taa Inayokumbuka Hodi

Loisi alikuwa haendi tena mbali. Akitoka ni mpaka kwenye mizabibu nyuma ya jiko, akate matawi, afunge kamba, arudi barazani akae alitazame geti. Masikio yalianza kumwacha tangu kiangazi kilichopita, kidogo kidogo, kwanza jogoo, kisha redio, mwisho sauti za watu. Hakumwambia mtu. Kanisani aliimba kwa kufuata midomo ya wenzake, na mtu akisema naye asimwelewe, alicheka tu, akatikisa kichwa.

Shida ilikuwa hodi. Pale Hombolo mtu haingii uani kwa watu bila kuita hodi, na akiita mara tatu asijibiwe, anageuza. Loisi akawa anawaona wageni wake kwa migongo tu, wameshafika kwenye njia kubwa. Aliyemuuma zaidi ni Hana. Hana aliyekuwa akija kila jioni na ungo wake, wakachambua karanga huku wakiisengenya kwaya nzima, alikuwa amekata mguu, na Loisi hakujua amemkosea nini.

Mjukuu wake Restuta, anayesoma umeme chuoni huko Mbeya, ndiye peke yake aliyeng'amua, maana bibi hapokei simu, anajibu meseji tu. Likizo ilipokwisha alimwachia boksi la viatu lenye vikorokoro vyake vya mazoezi: ubao mweupe wa vitundu, nyaya za rangi, betri, taa ndogo kama punje za mtama, na vidude vyeusi vyenye miguu pande mbili kama tandu. Chipu, aliviita.

"Bibi, kengele hutaisikia," aliandika baadaye. "Tutengeneze hodi ya macho."

Loisi alimaliza darasa la saba, na vidole vilivyosuka vikapu miaka yote havikuogopa nyaya. Akavaa miwani, akaweka ubao magotini. Kwanza alitengeneza taa ya kawaida: kitufe getini, waya ukapita juu ya ua wa michongoma hadi barazani. Ukibonyeza inawaka, ukiachia inazima. Haikufaa. Mgeni angebonyeza Loisi yuko kwenye mizabibu, na akirudi barazani taa imeshasahau.

"Basi tuifundishe kukumbuka," Restuta aliandika. "Chukua chipu niliyoifunga uzi mwekundu. Ndani yake mna malango manne, yanaitwa malango ya 'wala'. Lango linasema ndiyo pale tu lisipoambiwa ndiyo na huyu wala na yule. Chukua mawili. Jibu la hili liingize kwa lile, na la lile kwa hili."

"Malango manne kwenye kidude kama ganda la karanga!" Loisi alijibu. "Na mimi geti langu ni moja tu, na haliingii mtu."



Kazi haikuwa nyepesi. Alikosea, akang'oa, akaanza upya. Siku alipobonyeza mara moja, akaachia, na taa ikabaki imewaka mpaka alipoizima kwa kitufe cha pili, cha barazani, alipiga makofi peke yake barazani. Hapakuwa na wa kumwonyesha ila kuku.

Kesho yake akitoka kwenye mizabibu akaikuta imewaka. Akakimbilia getini, kanga inamdondoka. Hakuna mtu. Vumbini hakuna hata unyayo. Akaizima. Jioni ikawaka tena, naye amekaa anaitazama, na getini hakuna hata mbuzi.

"Mjukuu wangu," akaandika, "taa yako inaota."

Restuta aliomba picha, akaikagua. "Shikamoo bibi. Waya wa kitufe hukuuwekea rezista ya kuuvuta kwenye hasi. Kitufe kisipobonyezwa, ule mguu wa chipu unakuwa hauambiwi ndiyo wala hapana. Na mguu usioambiwa kitu hujitungia wenyewe."

Loisi akachomeka rezista, kijiti chenye mistari ya rangi. Taa ikatulia. Ikatulia siku hiyo, na ya pili, na wiki nzima, mpaka akaanza kutamani ilivyokuwa ikimdanganya.

Maneno yale hayakumtoka. Hujitungia wenyewe. Kila alipoyarudia alimwona Hana amesimama getini anaita, haambiwi karibu, haambiwi nimelala, haambiwi ondoka. Asubuhi moja alijitanda kanga, akaenda.

Hana alikuwa uani kwake anapepeta uwele. Hakuinuka. Loisi akasimama mbele yake, pale anapoiona midomo vizuri.

"Leo umepotea njia?" Hana alisema.

"Nimekuja kwako."

"Kwangu! Mimi niliyeita hodi mpaka koo likakauka, na mgongo wako nauona pale jikoni, umekaa kimya! Nikasema basi, mwenzangu ana wajukuu wa chuo, wa karanga hatutakiwi tena."

"Hana. Sisikii."

"Nini?"

"Masikio yamekwenda. Hata sasa nakusoma midomo, na ungo ukiupandisha unaniziba."

Hana akaushusha ungo. Aliinamisha uso, na kama alisema kitu, Loisi hakujua ni nini.

"Getini kuna kitufe chekundu," Loisi akasema. "Kibonyeze."

"Nibonyeze geti la mtu kama naingia ofisini?"

"Ita hodi kwanza, kama kawaida yako. Halafu bonyeza."

Akarudi nyumbani bila kujua ameambiwa ndiyo au hapana.

Jioni ile taa haikuwaka. Wala kesho yake. Keshokutwa, jua likishuka, alirudi kutoka kwenye mizabibu na kamba mkononi, akaona nukta nyekundu barazani. Hakukimbia. Migongo alishaizoea. Alilifungua geti taratibu, kama mtu anayejua atakachokikuta.

Hana alikuwa amekaa chini, nje, ameegemea nguzo, ungo wa karanga mapajani, nusu ameshazichambua.

"Nimeita mara tatu," alisema, akiuinua uso wake wote ili uonekane. "Ya nne nikakaa."