Msamaha Ulioingia Ukurasa Usio Wake

Katika historia yote ya mpira, sidhani kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumfanya aliyetukanwa aombe radhi kwa kutukanwa. Mimi nimefanya. Tena nilifanya saa nne asubuhi, nimeshiba, akili timamu, baada ya kuhakiki nukta na herufi kubwa.

Kazi yangu ni kuandika kurasa za wachezaji mtandaoni. Watu hudhani mshambuliaji akishafunga bao hujilaza kitandani akaandika, "Asanteni mashabiki, tuzidi kupambana." Wapi! Mshambuliaji wetu hajui hata neno la siri la ukurasa wake. Ni mimi, kwenye chumba kilicho chini ya jukwaa kuu, dirisha linatazama bomba la kuoshea viatu, simu moja imebeba kurasa ishirini na tatu. Ndani ya simu hiyo mimi ni kipa, ni beki wa kushoto, ni kocha msaidizi. Nikiamka vibaya, timu nzima inaamka vibaya.

Ukurasa wa kwanza kwenye orodha ni wa kiungo wetu, namba nane. Huyo ni mume wa dada yangu, kwa hiyo kwangu ni shemeji. Kwao ni upande wa pili wa mpaka, watu warefu, weusi wa kung'aa. Ukurasa wake uliitwa Lami Namba Nane, na Lami ni jina nililompa mimi. Utani wa mashemeji, si unajua tena. Nilianza kumwita hivyo nyumbani, nikalibeba mpaka kazini, likavaliwa na kila mtu kama jezi ya mazoezi: kocha, mashabiki, hata mama wa chai. Na mwenyewe aliitikia. Hilo lishike, maana mimi nililishika wiki nzima kama mtu aliyeshika mwavuli wenye matundu.

Jumapili tulifungwa bao la kijinga. Shemeji alipoteza mpira katikati, wakaja wakatupiga. Nahodha wetu, beki mwenye sauti ya dalali wa mnada, akamgeukia. Kipaza sauti cha televisheni kilikuwa nyuma ya goli, hatua tatu tu.

"We Lami! Weusi wote huo umeingia mpaka kwenye ubongo? Rudi kwenu mkachunge! Watu wa aina yenu mpira hamuuwezi!"

Wachezaji hawajamaliza kuoga, sauti ilishazunguka nchi nzima.

Niliisikiliza mara tisa. Hili ninalosema sasa si la kujivunia: mara ya kwanza niliposikia "Lami" nilitabasamu, kwa mazoea tu, halafu maneno yaliyofuata yakanikuta bado natabasamu. Sikujua ule uso niupeleke wapi.

Jumatatu asubuhi tukaitwa kikao. Bosi wangu ni afisa habari wa klabu. Tunamwita Mama Tamko, kwa sababu hata ukimuuliza chumvi iko wapi atakujibu, "Uongozi unapenda kuwajulisha." Tulikuwapo yeye, kocha, Nahodha na mimi. Shemeji hakuitwa. Nilidhani wamesahau, baadaye nikaona kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.

"Mimi mbaguzi?" Nahodha alikuwa amesimama. "Nitambaguaje mtu mweusi, na mimi mwenyewe mweusi? Nitazameni!" Akapandisha mkono wa shati. Tukautazama mkono. Ulikuwa mweusi kweli. Kocha akakubali kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa risiti.

"Na 'rudi kwenu' je?" Mama Tamko akauliza.

"Hasira za uwanjani, mama. Na hilo Lami si jina lake? Muulizeni shemeji yake huyu hapa. Si ndiye aliyelileta?"

Vichwa vitatu vikanigeukia. Mimi, ambaye tangu shule ya msingi sijawahi kukosa jibu, mimi niliyefukuzwa darasani mara nne kwa sababu ya majibu, nikasema, "Eeh... chai iko tayari?"

Nikaambiwa niandike msamaha wa Nahodha. Hiyo ndiyo fani yangu, nikaona angalau mikono imepata kazi: "Nimekosa. Maneno niliyotamka kuhusu rangi na asili ya mwenzangu hayana nafasi katika mchezo wetu. Namwomba radhi yeye, familia yake na wote niliowaumiza." Nahodha akausoma huku midomo ikicheza. "Sawa," akasema, "ila weka na ile mikono miwili inayoomba." Nikaiweka. Kisha nikafungua ukurasa wa kwanza kwenye orodha, kama vidole vyangu vinavyofanya kila asubuhi, nikabandika, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, nilikuta mambo.

"Kumbe Lami naye kamtukana nahodha?"

"Jamani sielewi, hapa nani anamwomba nani?"

"Muungwana huyu. Katukanwa yeye, kaomba radhi yeye. Tungekuwa na watu kama hawa kumi."

"Samahani, mechi iliisha ngapi ngapi?"

Nikafuta mbio, lakini watu walishaupiga picha. Nikaubandika kwa Nahodha, mahali pake halali. Huko nako wakamvamia: "Huna aibu, hata msamaha umemwibia Lami!"

Nilimpigia shemeji simu mara sita. Haikupokewa.

Jumanne Mama Tamko akanipa karatasi. Kamati ya nidhamu ya ligi ilikuwa inakaa kesho yake saa nne, na klabu ilitaka barua. Maneno yalikuwa machache: "Mimi ninayetia saini hapa chini nathibitisha kuwa Lami ni jina langu la utani, nalipenda, na sikuona tusi katika maneno ya nahodha wangu."

"Akitia saini, Nahodha anacheza Jumamosi," akaniambia. "Asipotia, anafungiwa, na tunakwenda kucheza na vinara wa ligi bila beki. Wewe ni shemeji yake. Wewe ndiye daraja."

Nilijiona daraja kweli, la miti, na lori linakuja.

Nilifika kwa shemeji mchana. Siku zote huwa naingia na kichekesho kabla ya miguu. Siku hiyo nilisimama mlangoni nikasema, "Hodi."

"Karibu," dada akasema. "Leo umebisha hodi? Unaumwa?" Alikuwa kwenye kochi, tumbo la miezi minane limembebea karatasi ya maelekezo. Shemeji alikuwa chini, katikati ya mbao na skrubu, anaunga kitanda cha mtoto. Hakuinua kichwa.

"Nipe hiyo bisibisi," akasema.

Nikampa. Nikakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni. "Shem, kuhusu ule msamaha..."

Akacheka. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini akajifuta macho, nami nikaanza kucheka, nikadhani yamekwisha. Kisha akanyamaza ghafla, nikabaki nacheka peke yangu kama redio iliyosahauliwa.

"Uliandika vizuri," akasema. "Nilikuwa kwa kinyozi. Nikauona kwenye ukurasa wangu, nikausoma, nikaamini. Dakika nzima nikawa najiuliza nimemkosea nani."

Nikatoa barua. Ndiyo, najua. Lakini ilikuwa mkononi na ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho. Akaisoma, akampa dada. Dada akaisoma, akanirudishia akiwa ameishika kwa kucha mbili, kama karatasi iliyofungiwa samaki.

"Imeandikwa nalipenda," shemeji akasema. "Nani aliniuliza?"

"Uliitikia, shem. Miaka mitatu."

"Niliitikia." Akachukua skrubu, akaizungusha kati ya vidole. "Unaikumbuka siku ya kwanza nilipokuja kwenu? Nina shati la kuazima, nimekaa pembeni ya kochi, mama yenu kaniletea maji. Wewe ukaingia ukasema, 'Washeni taa, huyu Lami simwoni.' Mama akacheka. Huyu naye akacheka." Akamwonyesha dada kwa skrubu. "Glasi ninayo mkononi. Ningefanya nini, nirudishe maji?"

Dada alitazama tumbo lake. "Nilicheka," akasema. "Nilikuwa naogopa hawatakupenda. Walipocheka nikaona wamekupenda."

"Labda walinipenda kweli. Ndilo linalonichanganya."

"Kwa hiyo," nikasema, "mimi na Nahodha tumekuwa kitu kimoja?"

Nilitaka aseme hapana. Nilimwachia nafasi kubwa ya kusema hapana, lori zima lingepita. Akafikiri.

"Sijui. Yeye alinifukuza, wewe ulinikaribisha. Neno lenyewe moja. Nalipanga hivi, nalipanga vile, halipangiki. Kama hiki kitanda: kila kitu kimeshafungwa, na skrubu mbili bado ninazo."

"Hizo ni za chini ya droo," dada akasema akitazama maelekezo.

"Hakina droo, mama."

"Basi sijui."

Tukazitazama skrubu mbili, watu watatu. Mwishowe shemeji akasema, "Mimi sitii saini. Na kesho wakiniuliza hilo jina lilitoka wapi, sisemi. Nimechoka kueleza rangi yangu kwa watu wenye macho. Eleza wewe."

Akaichukua barua, akaigeuza upande mweupe, akaiweka mbele yangu juu ya ubao wa kitanda. Dada akanipa kalamu.

Mimi huandikia watu ishirini na tatu. Kujiandikia mwenyewe kulinishinda kama kuandika kwa mkono wa kushoto. Nilianza na kichekesho, nikakikata. Nikaanza na "kwa niaba ya", nikaikata pia, kwa niaba ya nani? Dada akajifanya anasoma maelekezo. Baada ya muda mrefu yakatoka haya: "Jina la Lami nilimpa mimi. Sikumuuliza kama analitaka. Nahodha alilipata kwangu. Yaliyobaki aliyasema mwenyewe." Nikaweka jina langu na saini. Mikono miwili inayoomba sikuiweka.

Shemeji akaisoma, akaniambia nishike mguu wa kitanda aukaze.

Jumatano Mama Tamko alisoma upande wa kwanza, ukiwa hauna saini, kisha wa pili. "Hili tamko la nani?"

"Langu."

"Wewe huna ukurasa," akasema. Alikuwa anashangaa kweli. Lakini saa ilikuwa nne kasoro tano na karatasi nyingine haikuwapo, ikabidi aende nayo.

Nahodha alifungiwa mechi tano. Mimi nikapewa onyo la maandishi, na kwa kuwa mwandishi wa barua ofisini ni mimi, nikaambiwa nilichape mwenyewe. Nililichapa vizuri, nikajionya vikali. Nahodha alinikuta kwenye bomba la kuoshea viatu.

"Umeniuza," akasema. Akaondoka hatua chache, akageuka. "Sasa nimwite nani?" Hakuwa anadhihaki. Alikuwa anauliza.

"Sijui, kaka. Muulize."

Akaniangalia kana kwamba nimemwambia apande mti. Ukurasa wenyewe nilikuwa nimeshaubadilisha jina, nikaacha Namba Nane tu.

Jumamosi uwanja ulijaa. Niliposikia kelele nikatoka, nikaona mabango. SISI SOTE LAMI, yameandikwa kwa rangi nyeupe kwenye vitambaa vyeusi. Jukwaa zima limevaa fulana nyeusi. Watu waliimba "La-mi! La-mi!" kwa upendo wa kweli, mzee mmoja karibu yangu alikuwa analia. Nami nilisimama katikati ya jina nililotunga sebuleni kwetu kwa sekunde mbili, likiimbwa na watu elfu ishirini ili kumtetea aliyeumizwa nalo. Nikatafuta pa kusimama nisiliimbe, na nisionekane siliimbi.

Dakika ya sabini shemeji alisimama katikati ya uwanja, akainua mkono mmoja, kiganja wazi, kuelekea jukwaani. Uwanja ukapasuka kwa shangwe. Nilipiga picha.

"Hiyo!" Mama Tamko akanipigia kelele. "Hiyo, andika haraka!"

Vidole vilishaandika: "Asanteni kwa upendo wenu." Nikavizuia. Labda alikuwa anawasalimia. Labda alikuwa anawaambia basi, inatosha. Niliikuza picha nikakitazama kiganja mpaka kikawa nukta nukta, hakikusema.

Dakika chache baadaye alitolewa. Nikateremka mpaka benchi. Alikuwa ameketi na mfuko wa barafu juu ya mguu.

"Shem, ule mkono ulimaanisha nini?"

"Mkono gani?"

Nikamwonyesha picha.

"Nilikuwa namwita daktari," akasema. "Msuli umekaza."

Nikamtazama usoni nione kama ni utani, ili nijue kama nicheke. Hakukuwa na chochote cha kunisaidia. Juu yetu jukwaa lilikuwa bado linaimba.

"Na hao?"

Akasikiliza kidogo. "Wanaimba vizuri," akasema, akasogeza barafu. "Sijui."

Nikafuta nilichoandika. Nikaandika: "Namba nane akimwita daktari. Msuli umekaza." Kisha nikampa simu asome kabla sijabandika. Akasoma taratibu mpaka mwisho. Akapandisha macho juu ya skrini, kuhakikisha ni ukurasa wa nani, akanirudishia simu.

"Bandika," akasema.