Ng'ambo ya Mto Ni Nafuu

Mume wangu Arvid akishapata wazo na karatasi, humwezi. Mwaka aliostaafu alibandika kwenye friji jedwali la safu mbili: jimbo la Oregon, tunakoishi, na jimbo la Washington, ng'ambo ya mto Columbia. Kule hawakati kodi ya mapato, kwa hiyo pensheni yake ingefika nzima. Kwetu Portland dukani hulipi kodi, lakini jimbo linaidokoa pensheni.

"Tutaishi Vancouver, pale ng'ambo, tununue vitu Portland," akaniambia. "Tunakula pande zote mbili, mama."

"Na nyumba hii?"

"Tunauza."

Nyumba hii aliijenga baba yangu. Nimezaliwa humu, na mama yangu amefia chumba cha nyuma. Nilimwambia Arvid sitaki, akasema hayo ni mambo ya moyo, yeye anazungumzia hesabu. Nilimchukia siku hiyo, nasema kweli. Dalali wa nyumba alitaka jibu Ijumaa.

Tukaenda kukaa siku chache za majaribio Vancouver, kwa shemeji yangu Wendell. Arvid alizunguka na daftari akiuliza bei za umeme, bima na nyama ya kusaga, mpaka Wendell akamwambia, "Kaka, ukimaliza hiyo supu niandikie na bei yake." Nikihitaji hata fagio, Arvid alinivusha daraja tukanunue Portland bila kodi. Tukasota kwenye foleni ya magari saa nzima kwa ajili ya fagio.

Alhamisi mafuta ya gari yakakaribia kwisha. Arvid akaingia kituo kimoja pale Vancouver, akazima injini, akashusha kioo, akatulia. Oregon miaka hiyo sheria ilimkataza dereva kujijazia. Mhudumu ndiye anayekuja. Nami nilikaa kando yake nikisubiri vilevile. Zikapita dakika kumi, Arvid akinung'unika kwamba huduma ya hapa ni ovyo. Nyuma yetu honi zikaanza. Mwishowe mama mmoja akashuka kwenye pikapu yake, akaja dirishani.

"Babu, unamsubiri nani?"

"Mhudumu."

"Mhudumu ni wewe!" Akacheka, lakini kwa huruma. "Nyie wa Oregon, sivyo? Shuka nikuonyeshe."

Miaka sitini na nane, hajawahi kushika mpira wa mafuta. Akajimwagia viatu vyote viwili. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Aliporudi ndani hakuwasha gari, wala hakucheka.

"Lorna, nimejiona mgeni kabisa," akasema. "Dakika kumi tu, na nimejisikia vibaya hivi. Na mimi nilitaka wewe ujisikie hivi kila asubuhi."

Nilimpa kitambaa afute viatu. Jioni ile tukarudi nyumbani.

Ijumaa tulikuwa jikoni dalali alipopiga simu.

"Vipi mzee, hesabu zimesemaje?"

"Washington ni nafuu. Dola elfu tatu na mia moja kwa mwaka."

"Basi nilete karatasi msaini?"

"Hapana. Tunabaki."

"Lakini si umesema mwenyewe..."

"Nimesema ni nafuu. Sikusema tunahama."

Akakata simu, akaomba kahawa. Katika miaka arobaini na mitano ya ndoa, bwana huyu amenipa koti moja, mashine ya kuoshea vyombo na pete inayonibana. Elfu tatu na mia moja kila mwaka, mpaka tufe! Sijawahi kupewa kitu ghali hivyo. Nikamkaangia mayai matatu, nikakaa nimwangalie akila.