Shibiri Mbili Kulia

Alhamisi moja ya Januari, saa tatu kasorobo asubuhi, Verna Tollefson alikuwa ameketi katika chumba cha silaha cha polisi wa kaunti, Montana, akifunga vioo vya kulengea juu ya bunduki mpya kumi na nne. Ndani ya kila kioo huwaka nukta nyekundu. Askari huiweka nukta juu ya kitu, na risasi huenda pale pale, ilimradi kioo kimekazwa vizuri.

Verna alikuwa na bisibisi inayolia tik skrubu inapofika kiasi chake. Ikishalia, alichora mstari mwembamba kwa rangi nyeupe ya kucha, kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, askari anajua skrubu imezunguka, anairudisha bunduki. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa.

Alikuwa amemaliza ya tano mkuu wa polisi, Lyle Brandvold, alipoingia.

"Verna, mpiga picha wa gazeti yuko nje. Nazitaka zote."

"Tisa bado hazijakazwa, mkuu."

"Zichore tu zifanane na nyingine. Utakaza Jumatatu."

"Mstari huchorwa mwisho. Ukiuchora kwanza, unasema uongo."

"Siku hizi rangi ya kucha inasema?" Askari wawili mlangoni wakacheka. "Chora, mama. Watu wanaganda na baridi huko."

Verna akachora.

Jumatatu alikuja mapema na bisibisi yake, akakuta bunduki zimeshapangwa kwenye magari. Aliziomba mara tatu wiki ile. "Mistari si ipo?" mkuu akamjibu. "Ikikatika, tutakuita." Askari mmoja tu, Dwight Ostby, aliahidi kumletea ya kwake Ijumaa. Dwight ndiye aliyekuwa akimletea Verna kahawa kila asubuhi bila kuombwa.

Siku moja kabla ya Ijumaa hiyo, dubu aliyeamka mapema kutoka usingizi wake wa majira ya baridi aliingia kwenye zizi la ndama, Dwight akaitwa. Aliweka nukta katikati ya kifua cha dubu, akapiga mara tatu. Risasi zote tatu zilikutwa kwenye nguzo ya zizi, shibiri mbili kulia mwa alipolenga, zimekaribiana kiasi cha kufunikwa na kikombe. Dubu alimuua Dwight karibu na pipa la maji.

Bunduki ilipatikana kesho yake chini ya theluji. Kioo hakikuwa na ufa wala ukungu, na nukta ilikuwa bado inawaka. Hakuna aliyekilaumu kioo. Kilikuwa kimelegea tu pale kilipofungwa, na mstari mweupe ulikuwa mzima, kwa kuwa skrubu ambayo haikukazwa haikuwa na haja ya kuzunguka.

Baada ya mazishi askari walitoa betri ya kioo. Nukta haikuzimika. Ilitoka kwenye kioo, ikashuka ngazi za kituo, ikavuka barabara, ikafika nyumbani kwa Ardis, mama yake Dwight. Ardis alikuwa akiosha mabakuli ya majirani waliomletea chakula. Aliiona kwenye fremu ya mlango, akaufungua zaidi ili ipite.

"Umechelewa," akaiambia. "Viazi vimeshapoa."

Nukta ilikaa naye. Ilijua vitu vilipo, ila ilikuwa na kasoro ile ile. Ardis akitafuta miwani, nukta ilitua kwenye kopo la chumvi, na miwani ilikuwa shibiri mbili kulia. Majirani wakaanza kuja. Kermit Aasen, mwenyekiti wa baraza la kaunti, alipata funguo za trekta zilizopotea tangu mavuno. Watu walipima kwa vidole vyao, wakaokota walichopoteza, wakaacha mkate wa ndizi mezani. Ardis hakumrudisha mtu.

Machi, baraza lilikutana kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kuamua nani alaumiwe kwa kifo cha Dwight. Verna na Lyle walikalishwa mbele, viti vimebanana. Ukiwatazama, Lyle alikuwa upande wa kulia. Ardis aliingia na nukta kwenye mkono wa koti lake.

"Tunaomba utuonyeshe," Kermit akaiambia nukta kwa adabu, "nani alisababisha mistari ichorwe kabla ya kukaza."

Nukta ilivuka sakafu, ikapanda, ikatua kifuani mwa Verna, kwenye kifungo cha tatu.

"Hujambo, Dwight," Verna akaiambia nukta polepole.

"Basi, tumeona wenyewe," Kermit akasema.

"Kermit, pima kulia," Ardis akasema.

"Mama Ostby, tafadhali."

"Funguo zako ulizipata wapi? Kwenye nukta, au kulia kwake?"

"Funguo ni funguo. Hizi ni kumbukumbu za kaunti. Siwezi kuandika kwamba nukta ilionyesha huyu tukamlaumu yule."

Askari mmoja nyuma akainua mkono. "Lakini shibiri mbili ziko kwenye ripoti. Ukurasa wa nne."

"Hiyo ni ripoti ya bunduki," Kermit akasema. "Kaa chini."

Lyle alisogeza kiti chake mbali kidogo na Verna. Ambaye angepima wakati huo angekuta hewa tupu. Wajumbe watano walipiga kura kwa kuinua mikono, na yote mitano iliinuka.

Verna alifukuzwa kazi. Siku ya mwisho alimfundisha aliyechukua nafasi yake jinsi ya kuisikiliza ile tik, akamwachia na chupa ya rangi. Nukta haikurudi kwa Ardis. Ilibaki kifuani mwa Verna, ikamfuata dukani na posta. Watu waliitazama kwanza, kisha wakamtazama usoni. Muuza duka alimbebea mfuko hadi kwenye gari, akamfutia theluji kiooni. Hakuna tena aliyekuja kutafutiwa kitu.

Novemba, Lyle alichaguliwa tena na wapiga kura kuwa mkuu wa polisi, bila mpinzani. Mwezi huo huo Ardis alimfumia Verna sweta nyekundu. Alikuwa amelinganisha nyuzi za rangi sita na nukta kifuani mwa Verna, karibu na dirisha, mpaka akapata nyekundu ile ile.

"Inua mikono. Inabana?"

"Haibani."

"Bado yumo humo?"

"Yumo. Namsikia, ana joto kidogo."

Ardis akamfunga vifungo mwenyewe, kuanzia chini.

Jumapili iliyofuata, Lyle alikuwa mlangoni pa kanisa akiwashikia watu mlango. Alimtazama Verna kifuani, asione kitu.

"Sweta imekupendeza, Verna."

"Asante, mkuu," Verna akasema, akaingia.