Kozi wa Akiolojia

Widad Abdulhadi alithibitisha kozi yake Jumamosi baada ya adhuhuri, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya banda la kuku, kwa sababu hapo ndipo simu ilipopata mtandao. Alichagua Akiolojia, akabonyeza, akasubiri alama ya kijani. Ilipotokea, kozi alitua juu ya banda.

Alikuwa ndege wa wastani, mgongo wa kijivu, kifua chenye mistari ya kahawia, macho ya njano. Kuku walikimbilia ndani. Badriya, mama yake Widad, alikuwa akichanganya pumba na dagaa. Alimtazama ndege, kisha akamtazama binti yake.

"Umechagua ipi?"

"Akiolojia, mama."

"Na huyo atalishwa na nani?"

Widad alikuwa amejiuliza swali hilo wiki nzima.

Hapo Chanika jambo lenyewe halikuwa geni. Tangu ofisi ya mikopo ya wanafunzi ilipoanza kuzipanga kozi kwa makundi, kila mwombaji aliyechagua kozi alipata kozi. Zamani wazee walisema kozi ni ndege mla nyama, na vijana wakasema ni kitu kinachosomwa chuoni. Sasa pande zote mbili zilikuwa sahihi na ubishi ulikwisha. Kozi wa kipaumbele, yaani wa uhandisi, ualimu wa sayansi na fani za afya, alikuja na pete ya shaba mguuni, na ofisi ilimlisha hadi mwanafunzi wake alipohitimu. Kozi asiye na pete alikula kilichokuwa karibu.

Kwa Badriya, kilichokuwa karibu ni kuku wa mayai. Tangu mumewe afariki na duka lao la Ukonga kufungwa, nyumba iliendeshwa na kuku hao: chakula, nauli ya shule ya Yumna, mdogo wake Widad, na umeme. Mtaani bado waliitwa wenye duka.

Asubuhi ya Jumapili palikuwa na manyoya nyuma ya banda. Jumatatu pia. Badriya aliweka wavu juu ya banda, na kozi akautoboa. Trei ya mayai iliyokuwa ikijaa kabla ya saa nne ikawa inasubiri jioni, kisha kesho yake. Mwenye kioski aliyekuwa akichukua mayai alituma ujumbe wa kuuliza kama kuku wanaumwa. Badriya alijibu kwamba binti yake amechagua kozi. Mwenye kioski alielewa, akatafuta mayai kwingine.

Akiolojia haikuwa imetoka hewani. Walipochimba mashimo ya nguzo za banda lile, Widad alikuta vigae vya chungu vyenye michoro ya mistari iliyokatana. Alivisafisha kwa mswaki wa zamani na kuvipanga dirishani. Alitaka kujua nani aliishi pale kabla yao na alikula nini. Mwalimu wake wa Jiografia alimwambia kuna watu wanaosomea hilo.

Nyumba ya jirani alikaa Theonest, ambaye baba yake alikuwa na mabasi yanayotoka stendi ya Mbezi Luis kwenda mikoani. Theonest alichagua uhandisi wa umeme. Kila Jumamosi mtu wa pikipiki kutoka ofisi ya mikopo alileta boksi la nyama yenye barafu, akamlisha kozi wake, akaondoka. Ndege huyo alikuwa mnene kiasi kwamba alipanda ukutani kwa miguu.

"Wako anakonda, sista," Theonest alisema juu ya ukuta.

"Wako ana kitambi."

"Mie mwenyewe sijui kanipendea nini. Hapa kwetu balbu ikiungua anabadilisha dada wa kazi, mie nakaa nje." Aliegemea ukuta. "Lakini dirisha la kubadili kozi linafungwa Ijumaa. Hamia huku kwenye pete, Widad. Utakuja kuchimba vigae vyako ukishapata kazi."

Jumatano Widad alikwenda ofisi ya mikopo, kozi akiwa mkononi juu ya kipande cha gunia. Kwenye benchi walikaa waombaji wengine na ndege wao. Aliyechagua falsafa alikuwa na ndege aliyekula nusu ya mkoba wake.

Afisa aliyempokea aliitwa Audax. Alikuwa mtu mpole na meza yake ilikuwa safi.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Kozi gani?"

"Akiolojia."

Audax aliinama, akaangalia mguu mmoja wa ndege, kisha wa pili.

"Kozi hii haimo kwenye kipaumbele."

"Huyu," alisema Widad.

"Hii," alisema Audax.

Kozi aliwatazama wote wawili.

"Baba yangu alifariki," alisema Widad. "Mama anafuga kuku. Kuku wenyewe ndio wanaoliwa."

"Pole. Nimeona, uhitaji mnao kabisa. Uhitaji ndio umekufikisha kwenye kiti hicho. Lakini anayelishwa ni kozi."

"Jirani yetu baba yake ana mabasi. Wa kwake analetewa nyama."

"Anasoma nini?"

"Uhandisi."

"Basi." Audax alifungua mikono kama mtu aliyeonyesha jibu la hesabu. "Kozi haina baba, binti. Ina kundi. Kemia na Baiolojia unazo?"

"Ninazo."

"Maabara ya afya watakupokea. Badilisha kabla ya Ijumaa saa kumi. Baada ya hapo utakuja hapa nami nitakupa pole tu."

Alhamisi mama na mabinti wake walikula wali na mchicha. Kuku waliobaki walikuwa wameacha kutaga kwa hofu. Widad alimuuliza mama yake afanye nini.

"Mie siwezi kukuchagulia," alisema Badriya. "Baba yako angekwambia usome unachopenda. Lakini yeye hali tena." Akaondoa vyombo.

Ijumaa Widad alikaa juu ya ndoo tangu mchana. Mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika. Kozi alikuwa juu ya banda akimtazama jogoo. Mtandao uliporudi tena, ikikaribia saa kumi, Widad alichagua Sayansi ya Maabara ya Afya na kubonyeza. Alama ya kijani ilizunguka muda mrefu. Kisha kozi wa pili alitua, ana pete, akajisafisha mbawa.

Kesho yake mtu wa pikipiki alikuja na boksi. Alimlisha mwenye pete. Wa zamani alisogea, na yule mtu akafunga kifuniko.

"Huyu simjui," alisema. "Na msimpe ya mwenzake, tunapima."

Walitarajia aondoke. Hakuondoka. Kozi aliyeachwa hawindi tena, kwa hiyo kuku walikuwa salama, na baada ya muda wakarudi kutaga. Widad alianza chuo. Alisoma damu na mkojo, akafaulu vizuri. Vigae alivihamishia ndani ya boksi la viatu, na dirishani pakawekwa trei ya mayai.

Kozi wa Akiolojia alishuka chini siku aliyoshindwa kukaa juu. Sasa anakula pumba na kuku, na kuku wakiwa na haraka humsukuma. Badriya humwekea kopo lake pembeni, kwa kuwa Widad akirudi kutoka chuo mwishoni mwa wiki na kutundika mkoba mlangoni, ndege huyo huja kukaa chini ya mkoba huo kumngoja.

Yumna yuko kidato cha tano. Juzi mwalimu aliwauliza darasani kila mmoja anapenda kusoma nini chuoni. Yumna aliomba ajibu kesho. Aliporudi nyumbani hakuvua viatu. Alikwenda moja kwa moja bandani, akawahesabu kuku.