Gamba Chini ya Matandazo

Tangu alfajiri alikuwa amelizunguka shamba mara kadhaa, na kila mzunguko ulimpa jibu lile lile: mahindi yalikuwa ya manjano na yamedumaa. Ya jirani, yaliyolimwa kwa plau, yalimfika mtu kifuani.

Huu ulikuwa msimu wake wa pili bila kulima. Aliyaacha mabua ya mavuno yaliyopita yafunike ardhi kama matandazo, akapanda katika vishimo vidogo. Watu wakamwita Mama Mabua. Jina alilivumilia. Manjano yale yalimnyima usingizi, kwa sababu shamba lilikuwa la mama mkwe, naye alikwisha kutamka: mahindi yasipochangamka kufikia leo, plau inaingia na shamba analishika shemeji.

Shemeji alifika akipiga mluzi, maksai wake wawili mbele. Mama mkwe alimfuata, mkono kiunoni.

"Shemeji, habari za jalalani?"

"Nzuri. Fagio umeleta?"

"Nimeleta chuma. Kaa kando, hawa hawajui shemeji ni nani."

Hakukaa kando. Alichukua jembe. "Mama, niruhusu nichimbe shimo moja tu. Sijui nitakuta nini."

"Leo ndiyo umekumbuka kulima!" Shemeji akacheka.

"Mwache achimbe," alisema mama mkwe.

Chini ya mabua udongo ulikuwa mweusi, wenye unyevu, unamegeka kama mkate, na nyungunyungu walijikunja humo. Shubiri moja chini, jembe liligonga likarudi. Alidhani ni jiwe. Alipofuta kwa viganja aliona gamba la udongo uliokazana, limenyooka kama sakafu. Aling'oa mmea mmoja. Mzizi ulikuwa umeshuka hadi kwenye gamba, ukakata kona.

"Plau hupita kina kile kile kila mwaka," alisema. "Chini yake udongo unashindiliwa."

"Yaani ni mimi?"

"Wewe, na baba kabla yako."

Angeweza kuishia hapo, lakini ingekuwa nusu ya ukweli. "Na mimi nimekosea. Shimo hili nilipaswa kulichimba kabla sijaacha kulima. Nilimfunika mgonjwa blanketi bila kumpima."

"Mkimaliza kugawana makosa," alisema mama mkwe, "mniambie tutakula nini."

"Plau italegeza udongo wa juu kwa msimu mmoja, kama kwa jirani, gamba libaki. Kinatakiwa chuma chembamba kipasue mistari ya kupandia tu. Maksai hawa wanaweza kukivuta."

"Basi kifungwe sasa hivi."

Miguu ya Mama Mabua ilikuwa tayari kukimbilia chuma hicho. Akaizuia. "Si leo, mama. Gamba likiwa na unyevu halipasuki, linakatika kama sabuni kisha linajifunga. Mpaka kiangazi."

"Wewe ndiye unaomba kungoja?" aliuliza shemeji. "Mtu asiyemaliza chai akiwa ameketi?"

Mama mkwe aliinama, akalibonyeza gamba kwa kidole gumba. Halikubonyea, lakini kidole kilitoka na unyevu. "Mpaka kiangazi," alisema. "Gamba likibaki, shamba ni la shemeji yako."

Shemeji alifungua nira.

Walipoondoka alifukia shimo, akarudisha mabua, akaketi. Hakudumu. Alikwenda na jembe upande wa pili wa shamba kuona kama gamba limefika huko. Lilikuwa limefika. Akasogea kidogo, akachimba tena.